Vitambaa vya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Nimefua vitambaa vya Baba. Vyeupe vyote. Nimevikagua juani kimoja kimoja, mbele na nyuma, kama kila asubuhi tangu turudi kutoka Dodoma mwaka jana. Makohozi tu. Damu hakuna. Daktari wa kule alisema wazi: ana kansa ya mapafu, siku akikohoa damu msingoje, mleteni. Basi mimi nalinda vitambaa.

Nimevianika nyuma ya jiko. Upepo wa baridi umeanza, unapiga vumbi tupu. Alizeti imekauka, vichwa vimeinama vyote. Wiki hii lazima nianze kukata, nipo peke yangu.

Baba amekula ugali wa mtama na mlenda, kidogo sana. Nilimwekea mlangoni mwa chumba chake, nikabisha, nikaondoka. Ndivyo tulivyokuta kwetu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe akila. Hata maji ya kuoga namwekea nje na kugeuka. Baba hakunizaa, ni baba wa mume wangu Elia, lakini tangu Elia afariki sina mwingine wa kumwita hivyo.

Jioni alikaa kwenye kigoda chake, mimi nimempa mgongo nachambua mlenda. Akanipa habari ya Elia. Kila jioni ananipa moja. Leo ni ya Elia kumwogopa jogoo mwekundu wa jirani, akawa anakwenda shule na ungo kichwani. Nimecheka mpaka machozi. Miaka kumi na minne nimeishi na Elia, hakuwahi kuniambia habari ya ungo.

Mwaka wa sita huu hayupo. Mama mkwe naye hayupo. Wa kunisimulia Elia alipokuwa mtoto amebaki Baba tu. Ndiyo maana nalinda vitambaa.

Jumatano, 5 Juni

Zahanati. Baba anachoka ovyo, akitoka chumbani kufika uani anashika ukuta. Viganja vyake vimekuwa kama vimepakwa unga.

Mganga ni kijana mpole. Alimsalimia shikamoo, akamtazama ndani ya macho, akampima. Damu imepungua. Akamuuliza anakohoa damu? Nikajibu mimi, hapana, vitambaa ni vyeupe. Akamuuliza choo chake kikoje. Baba akatazama ukuta, penye picha ya mama anayenyonyesha. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Cha kawaida," Baba akasema.

Amepewa vidonge vya kuongeza damu. Mganga akatuonya kwamba vitafanya choo kiwe cheusi, tusishtuke. Baba akaitikia haraka, ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakitafuta.

Nimemchemshia rozela. Imekuwa nyekundu, inapendeza kuitazama.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Mwanangu Neema amepiga simu kutoka chuoni. Aliuliza babu anakohoa damu? Nikasema hapana. Akashukuru Mungu. Na mimi nikashukuru.

Wifi Paulina naye alipiga kutoka Mwanza, akauliza hilo hilo. Nikajibu hilo hilo.

Baba hakula. Anasema tumbo limejaa upepo. Jioni hakuwa na pumzi ya kusimulia. Nilikaa tu nikimsikiliza anavyohema.

Ijumaa, 14 Juni

Ameanguka.

Nilikuwa napiga alizeti kwenye turubai. Alitoka aje kunisaidia kupepeta, anajua siwezi kumkataza. Alishika ungo, akasimama, kisha akakaa chini taratibu kama mtu anayekunja nguo. Macho yakapinda. Nilimkimbilia nikamshika mikono yote miwili. Nimeolewa katika nyumba hii miaka mingi na sijawahi kumshika mkono. Baridi kama jiwe la kusagia asubuhi.

Alipozinduka aliona nimemshika. Akaniambia, "Nisamehe, Mama Neema." Yeye ndiye anaomba msamaha. Nimeumia sana.

Nimeogopa. Sikuandika neno hilo siku zote hizi, leo naliandika. Naogopa.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemwita Mzee Mihayo. Amekuja na godoro lake kwenye baiskeli.

Kuna kazi siwezi kumfanyia Baba. Kumwogesha, kumpeleka chooni. Mzee Mihayo anaweza kufanya yote. Ni Mnyamwezi, alikuja kijijini kwetu Mtinko akiwa kijana, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, akazeekea hapa. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Waturu. Hawana aibu na sisi, na sisi hatuna ruhusa ya kuwakasirikia.

Aliingia bila hodi.

"We Mturu! Umekufa, au unangoja nitangulie mimi?"

Baba akafungua jicho moja. "Sifi kabla sijakuzika. Kaburi lako nitalichimba kwa kijiko, ili uchelewe kulala."

"Kijiko chenyewe utaazima kwangu."

Nimesikia Baba anacheka. Kicheko cha Elia kabisa, kinaanzia puani. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi mpaka kilipoisha.

Jumatatu, 17 Juni

Siku mbaya. Nitaandika kama ilivyokwenda.

Baba ameshindwa kufika chooni. Mzee Mihayo ameweka ndoo chumbani. Asubuhi alitoka nayo, akaisimamisha uani kwenye mwanga. Choo chetu ni cha shimo, kina giza, kinachoingia hakuna anayekiona. Ndoo inaonekana.

Alirudi ndani akipiga kelele. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji, ukuta ni mmoja.

"Mturu! Umekula lami ya barabara ya Mkiwa? Hii siyo mavi ya mtu. Hii ni lami kabisa, inanata, inang'aa, na harufu yake sijawahi kukutana nayo."

"Ni vile vidonge," Baba akasema.

"Vidonge umeanza lini?"

"Juzi juzi. Nilipokwenda zahanati."

"Na lami?"

Uji ukaanza kushika chini, sikukoroga.

"Nakuuliza wewe. Na lami imeanza lini?"

Baba akajibu polepole, lakini nilisikia. "Tangu alizeti inatoa maua."

Alizeti ilitoa maua mwezi wa tatu.

"Mzee mzima! Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Mke wa mwanangu? Nilidhani ni mlenda. Baadaye mganga akasema vidonge, nikaona basi, jina limepatikana."

Mzee Mihayo hakutania tena. Alitoka akanisimamia mlangoni pa jiko, akaniambia, "Umesikia." Nikasema nimesikia. Akasema kesho hospitali ya mjini.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Miezi yote hiyo nageuza vitambaa juani, nashukuru. Naye kila siku anaingia kwenye lile giza, anatoka, ananawa mikono, anakaa kwenye kigoda na kunipa habari ya Elia. Mimi nimempa mgongo. Kwa heshima.

Jumanne, 18 Juni

Singida Mjini, hospitali. Tulikodi gari la mwalimu. Baba alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mzee Mihayo.

Daktari ni mama wa makamo. Alisoma karatasi za Dodoma, akasikiliza kifua muda mrefu. Akauliza habari ya choo. Baba akageuza shingo atafute ukuta.

"Lami, daktari," Mzee Mihayo akasema. "Mimi ndiye ninayebeba. Tangu mwezi wa tatu."

Daktari hakucheka. Aliniomba nitoke nje, akavaa glovu. Aliponiita tena, uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema ule weusi ni damu. Inavujia tumboni, inakaa huko, inaiva, inatoka nyeusi. Damu iliyobaki mwilini ni kidogo mno, haamini kwamba mzee alikuwa anatembea.

Nikamwambia lakini hajakohoa damu. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikamwonyesha. Sijui kwa nini nilikibeba.

Akakishika, akakitazama kweli, hakunidharau. Akasema, "Mama, haikupita njia hiyo."

Jumatano, 19 Juni

Wamemlaza. Anahitaji kuongezewa damu, na ndugu wanaombwa kuchangia. Ndugu ni nani hapa? Paulina yuko njiani. Mzee Mihayo alikunja mkono wa shati mbele ya wote, nesi akamwambia, "Babu, umri umepita." Akachukia kweli.

Nimetoa mimi. Haikuuma. Nilitazama mfuko unajaa, mweusi kuliko nilivyofikiri. Walinipa soda.

Mchana wakamtundikia. Mzee Mihayo akasimama miguuni kwa kitanda, wodi nzima inasikia.

"Mturu, leo umepatikana. Hiyo inayoingia ni damu ya mkweo. Ukwe umekufa! Huyu sasa ni binti yako, amekuzaa kwa mshipa. Ukimwona na kutazama ukuta tena, nakutoza jogoo."

Watu wakacheka. Nilimvuta pembeni, nikamweleza alichosema nesi, kwamba damu yangu inakwenda benki na Baba anapewa inayomfaa, huenda ni ya mtu mwingine kabisa.

"Nyamaza," akaniambia. "Umeolewa huku, mambo ya watani bado hujayajua. Nikishasema mimi, imekuwa."

Niliporudi kitandani Baba alikuwa ananitazama usoni. Macho yake ni ya kahawia, yana duara la kijivu pembeni. Sikuwahi kuyajua macho yake.

"Habari ya mchana, binti yangu," akasema.

Nikamfunika miguu.

Jumatatu, 24 Juni

Tumepewa rufaa ya Dodoma, wakatazame tumbo kwa kamera. Damu imempa nguvu kidogo, anakaa. Paulina ametukuta mjini, amekwenda Mtinko kulinda nyumba na alizeti. Tumekwenda sisi watatu.

Mkiwa. Nilijua tutapita. Ile kona, duka lile lile la vitunguu. Hapo ndipo lori la Elia lilipinduka. Mimi hufumba macho kuanzia kwenye kibao mpaka njia panda iishe. Leo sikufumba, nilitaka kumwona Baba. Alivua kofia, akaiweka gotini. Tulipovuka akaivaa. Kumbe hufanya hivyo kila safari. Na mimi kila safari nimefumba macho, sikumwona.

Mzee Mihayo alinyamaza tangu mwanzo wa kona hadi mwisho wake. Kisha akasema, "Njaa inauma, Waturu hamna hata karanga."

Jumanne, 25 Juni

Wamemwingiza mpira wenye kamera mdomoni mpaka tumboni. Alitoka koo linauma, mate yana uwekundu.

Daktari alituita wote. Akachora tumbo kwa kalamu nyuma ya karatasi. Akaweka alama juu, upande wa kushoto. Kuna uvimbe pale, katikati umechimbika kama shimo, na kwenye shimo ndiko damu inakovuja. Wamechukua vipande vidogo wakavipime. Lakini anadhani ni ile ile ya mapafu, imesafiri kwa njia ya damu ikaanzisha makao tumboni. Alisema haitokei mara nyingi. Ndiyo maana hakuna aliyefikiria.

Baba aliuliza, "Kwa hiyo kifua kimetulia?"

Daktari akasema, "Kifua hakijatulia, mzee. Ni kwamba na tumbo nalo limeingia."

Baba akaitikia kwa kichwa, kama anayepokea habari za mifugo.

Ijumaa, 28 Juni

Hawatampasua. Mwili hauwezi. Dawa kali za kansa, za kuingizwa mshipani, nazo wanasema zitamaliza nguvu iliyobaki. Ametundikiwa damu tena. Amepewa dawa ya kupunguza asidi, na dawa ya maji ya kutuliza maumivu, ya kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Dawa ya kugandisha damu waliyompa nayo imesaidia kidogo.

Daktari alinieleza peke yangu barazani. Itavuja tena. Inaweza kuwa polepole, inaweza kuwa ghafla. Tunaweza kumrudisha kila mara aongezewe. Au tunaweza kukaa naye. Akasema tuzungumze naye mwenyewe, kichwa chake ni kizima.

Naweza kusema nilikuwa mtulivu. Sikuwa. Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikalia na kanga mdomoni.

Jumapili, 30 Juni

Nyumbani. Paulina ameondoka na gari la mchana, watoto wake wana mitihani. Atarudi.

Alizeti yote imepigwa. Paulina alifanya kazi ya wanaume wawili.

Leo sikumwekea Baba chakula mlangoni. Niliingia nacho. Nikakaa. Nikamlisha uji kwa kijiko, na Mzee Mihayo akiwa pale pale akisema uji wenyewe mwembamba, unaweza kuona bahati yako ndani yake. Baba alikula akinitazama. Mimi mwanzoni nilitazama kijiko tu. Kijiko cha tatu na mimi nikamtazama.

Jumatano, 3 Julai

Mzee Mihayo amekwenda kibandani kwake, kuna baiskeli za watu. Baba alijichafua. Hakuniita. Nilijua kwa harufu.

Nikaingia na beseni. Alifunga macho. Nikamwambia, "Baba, jogoo utatoa wewe, mimi sina." Akafungua. Akacheka kidogo, puani.

Nilimsafisha. Ni mwepesi. Ana kovu refu kwenye paja ambalo Elia pia alikuwa nalo pale pale, la Elia nilijua ni la panga. La Baba sikuuliza. Shuka nililifua uani karibu na dirisha lake ili anione. Maji yalikuwa meusi, nikamwaga, nikaweka mengine.

Akaniita kutoka dirishani. Akasema ana habari moja ya Elia ambayo hajampa mtu.

Elia alipokuwa na miezi michache, mama yake alilazwa, homa ya maziwa. Baba alibaki na mtoto. Mtoto akaanza kuharisha. Bibi zake wako mbali, mvua zimekata njia. Baba alifua nepi mwenyewe. Alikuwa anakwenda bwawani alfajiri kabla wanaume hawajatoa ng'ombe, maana mwanaume kufua nepi angechekwa mpaka anazikwa. Siku moja ng'ombe wa jirani walitangulia. Akakaa ndani ya maji na nepi kifuani, maji shingoni, akamwambia mwenye ng'ombe kwamba anaoga. Mwenye ng'ombe akamwuliza mbona unaoga na kofia.

Alisimulia kwa vipande, anapumzika, anaendelea.

"Nilikuwa nazinusa kila moja," akasema. "Nione kama anapona. Nepi ndiyo ilikuwa inaniambia."

Kisha akasema, "Habari hii humpi mke wa mtoto. Humpa binti."

Nikaendelea kukamua shuka. Sikutaka aone uso. Kisha nikakumbuka, nikageuka, nikamwachia auone.

Jumatatu, 8 Julai

Siku nzuri. Alikaa nje juani, blanketi mabegani. Kuku walimzunguka. Choo bado cheusi lakini kidogo. Nakitazama sasa. Natazama kila kitu.

Mzee Mihayo alimnyoa ndevu. Walibishana kuhusu ng'ombe aliyekufa kabla mimi sijazaliwa.

Kofia ipi ulivaa siku ile bwawani, nilimuuliza. Hii hii, akasema, akaigonga. Nadhani alinidanganya. Sijali.

Ijumaa, 12 Julai

Dodoma wamepiga. Vile vipande ni kansa ya mapafu. Imethibitishwa. Nilimwambia Baba kama nilivyoambiwa, sikupunguza.

Akauliza alizeti imekwenda kukamuliwa? Nikasema bado. Akasema isipelekwe wakati wa umati, wanachanganya mbegu za watu. Nikasema sawa, Baba.

Jumanne, 16 Julai

Ametapika asubuhi. Vipande vya kahawia, kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. Baadaye nyekundu. Nyekundu yenyewe, na mabonge. Nilikinga kwa vitambaa vyake, vilikuwa karibu. Vyote vimelowa.

Nilikimbia kwa mwalimu kuomba gari. Gari likaja. Mzee Mihayo akamkalisha Baba, mimi nikafungasha shuka na chupa ya uji. Baba akanishika kanga.

"Binti. Nisipelekwe."

Nikamwambia wataongeza damu. Nikamwambia naweza kutoa tena, hata leo. Akasema, "Uliyotoa inatosha. Imenipa nafasi ya kusema na wewe." Akaomba alale nyumbani, dirisha likiwa wazi.

Nilimtazama Mzee Mihayo. Nilitaka atanie, aseme lolote, amlazimishe. Alikuwa anatazama tairi la gari.

Sikutaka kukubali. Bado sitaki. Nilikwenda nikamwambia mwalimu arudi. Hayo ndiyo maneno magumu kuliko yote niliyowahi kusema, na yalikuwa mafupi tu: mwalimu, asante, rudi.

Mganga wa zahanati alikuja mchana na pikipiki. Akanielekeza kipimo kipya cha dawa ya maumivu. Alimshika Baba mkono akamwambia, "Babu, nisamehe, niliuliza choo mbele ya mkweo." Baba akasema, "Mimi ndiye niliyejibu, mjukuu wangu."

Neema yuko njiani. Paulina yuko njiani.

Alhamisi, 18 Julai

Wamefika wote wawili. Anawatambua. Hasemi. Neema anamlowesha midomo kwa pamba.

Jioni nilikaa na kumpa yeye habari ya Elia. Zamu yangu. Nilimpa ya siku Elia alipojaribu kupika mlenda akasahau magadi, akaula wote peke yake kwa ukaidi. Kope zilitikisika. Paulina anasema ni upepo.

Ijumaa, 19 Julai

Baba amefariki asubuhi, jua limeshaingia dirishani.

Jumapili, 21 Julai

Tumemzika pembeni ya mama mkwe na Elia. Kanisa lilijaa. Upepo ulipeperusha karatasi za mchungaji.

Wakati wa kushusha jeneza Mzee Mihayo akarukia kaburini. Umri ule. Akalala chali humo ndani, akasema hatoki, Mturu aliahidi kumchimbia yeye kwa kijiko na sasa anamwibia nafasi. Watu walicheka huku wanalia. Waombolezaji waliotoka mjini walishangaa, wakaelezwa ni mtani. Walimpa jembe, akakataa. Walimpa jogoo, akamkataa. Akasema anataka kofia.

Paulina akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nayo. Nilipiga magoti ukingoni, nikamnyooshea. Aliivaa akiwa bado amelala. Akaivuta mpaka machoni. Wakamwinua vijana watatu, na alipofika juu hakuweza kusimama.

Alhamisi, 1 Agosti

Paulina amerudi Mwanza na koti la Baba. Neema amerudi chuoni. Kabla hajaondoka nilimpa habari ya bwawani, tukiwa tunachambua maharage. Alicheka pale pa kofia. Kisha akaniomba niirudie toka mwanzo, polepole.

Nimefua vile vitambaa vya mwisho. Niliviloweka na majivu, na chumvi, na sabuni ya unga. Vimeacha alama hafifu ya kahawia. Nimevianika hivyo hivyo. Sikuvikagua.

Mchana nilipika mlenda nikajisahau, nikapakua sahani mbili. Ya Baba nikaifunika. Nikakaa nikiitazama.

Mzee Mihayo akapita na baiskeli, kofia kichwani. Alipiga hodi. Hajawahi kupiga hodi nyumbani kwetu. Nikamkaribisha kwenye kigoda, nikafunua sahani, nikampa.

Akala. Nilikaa mbele yake nikala yangu. Hakusema neno lolote kuhusu mapishi ya Kituru.